Kuuza mikuo ya dhahabu kwa posta Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mtu aliyeko Uingereza mwenye mkuo mmoja au kadhaa yenye chapa ya kiwanda, anayetaka kuiuzia kampuni ya kununua dhahabu bila kusafiri. Mapambo, sarafu na dhahabu ghafi vina taratibu zake, na hapa vinatajwa pale tu vinapogusana na mikuo. Kesi zisizo za kawaida (tola, mirathi, kadi iliyofunguliwa, ndugu aliyeko nyumbani) ziko mwishoni.

## Mambo ya msingi

Mkuo wenye chapa ni upi hasa?

Ni kipande cha dhahabu safi kinachoonyesha juu yake kilitoka wapi. Utaona nembo ya kiwanda, uzito, kiwango cha usafi (mara nyingi 999.9, yaani karati 24) na, kwa mikuo mingi, namba ya mfululizo. Chapa zinazokutana sana na wanunuzi wa Uingereza ni PAMP, Valcambi, Argor-Heraeus na Metalor za Uswisi, Heraeus ya Ujerumani, Umicore ya Ubelgiji, Perth Mint ya Australia, Rand Refinery ya Afrika Kusini, na za hapahapa kama Royal Mint na Baird & Co.

Iko ya aina mbili. Ya kumiminwa hutoka kwenye kalibu ikiwa na uso usio sawa na kingo za mviringo, na kwa kawaida ndiyo mikubwa. Ya kuchapwa hukatwa kwenye bamba la dhahabu, ikang'arishwa, kisha ikafungwa ndani ya kadi ya plastiki yenye hati ya uthibitisho. Tofauti hiyo ina maana unapouza, kwa sababu mkuo wa kuchapwa huchunguzwa pamoja na kadi yake.

Chapa ina thamani kwa sababu moja tu: mnunuzi anaweza kuuza mkuo huo kesho kama ulivyo. Asipoweza, ataupeleka kuyeyushwa, na gharama hiyo ataitoa kwenye pesa yako.

Mbona nisiende dukani tu?

Nenda, kama duka la bei nzuri liko karibu. Wengi wanaotumia posta wanaishi mbali na London au Birmingham, na duka la vito la mtaani kwao huwapa bei ya dhahabu chakavu hata kwa mkuo mpya kabisa. Tofauti ya bei kati ya duka kama hilo na kampuni ya mikuo hulipa nauli ya posta mara nyingi.

Utaratibu mzima unakwendaje?

Unaomba bei mtandaoni au kwa simu ukitaja chapa, uzito, idadi na hali ya kadi. Kampuni inakutumia namba ya oda, fomu na mara nyingi lebo ya posta. Unafungasha, unapeleka kaunta ya posta, unapewa risiti yenye namba ya ufuatiliaji. Kifurushi kikifika kinafunguliwa, mkuo unapimwa, bei inathibitishwa, pesa inaingia benki. Yakienda sawa, kutoka kaunta hadi pesa ni siku mbili au tatu za kazi.

Sehemu ya kuangalia kwa makini ni masharti ya kampuni kabla ya yote hayo. Tafuta majibu ya maswali manne: bei inafungwa saa ngapi, bima ya njiani ni ya nani, mkuo ukikataliwa nani analipia kuurudisha, na malipo ni baada ya muda gani. Masharti yasiyojibu hata moja kati ya hayo yanatosha kukufanya utafute mnunuzi mwingine.

## Bei

Bei inahesabiwaje?

Msingi ni bei ya dhahabu ya soko la dunia, ambayo hubadilika muda wote siku za kazi. London pia ina bei rasmi ya LBMA (chama cha soko la dhahabu na fedha la London) inayopangwa kwa mnada mara mbili kwa siku, saa 4:30 asubuhi na saa 9:00 alasiri kwa saa za huko. Kampuni huchukua mojawapo na kukulipa asilimia yake. Uliza ni ipi, maana "tunalipa asilimia 98" haina maana mpaka ujue asilimia 98 ya nini.

Tuchukue mfano wa bei ya pauni 3,000 kwa wakia. Gawanya kwa 31.1035 (gramu za wakia moja ya dhahabu) upate pauni 96.45 kwa gramu. Mkuo wa gramu 100 una dhahabu ya pauni 9,645. Ukilipwa asilimia 98 unapata pauni 9,452. Kila asilimia moja ni karibu pauni 96, kwa hiyo kampuni mbili zinazotofautiana asilimia mbili zinatofautiana karibu pauni 200 kwa mkuo uleule. Piga hesabu hii mwenyewe kabla hujapiga simu, ukiwa na bei ya wakati huo mbele yako.

Mizani yangu ya jikoni inaonyesha mkuo wa wakia 1 una wakia 1.097. Umezidi?

Haujazidi. Mizani ya jikoni hutumia wakia ya kawaida, gramu 28.35. Dhahabu hupimwa kwa wakia ya troi, gramu 31.1035. Weka mizani kwenye gramu na usahau wakia kabisa. Mkuo wa wakia 1 usome 31.1, na kilo moja ni wakia 32.15. Kosa hili likifanywa upande wa pili, mtu akakokotoa bei ya wakia kwa gramu 28.35, hesabu inaharibika kwa karibu asilimia 10.

Kwa nini mkuo wa gramu 1 unalipwa asilimia ndogo kuliko wa gramu 100?

Kazi ya kuupokea, kuupima na kuuandika ni ileile, lakini faida yake ni senti. Wewe mwenyewe uliponunua ulilipia zaidi kwa kila gramu kwa sababu hiyohiyo. Ukiwa na mikuo midogo mingi, iuze kwa mkupuo mmoja na uulize bei ya jumla. Kabla hujafanya hivyo jaribu watu binafsi unaowafahamu, maana mkuo wa gramu 5 kwenye kadi safi una soko zuri la zawadi za harusi na mara nyingine hulipa kuliko kampuni.

Kufunga bei ni nini?

Ni kukubaliana bei leo kwa mkuo utakaofika kesho au keshokutwa. Kampuni ikishasema "imefungwa", kwa kawaida inauza kiasi hicho cha dhahabu sokoni papo hapo, ili bei ikishuka isipate hasara. Zipo zinazofunga kwa simu, zipo zinazofunga mtandaoni, na zipo zisizofunga mpaka mkuo uwe mezani kwao.

Ukihitaji kiasi fulani kwa jambo fulani, ada ya shule au amana ya nyumba, funga. Usipokuwa na haraka, bei ya siku ya kupimwa ni sawa tu. Wikendi soko limefungwa tangu Ijumaa usiku hadi Jumapili usiku, hivyo kampuni zinazokubali kufunga Jumamosi huongeza pengo kati ya bei ya soko na ile wanayokulipa ili kujikinga. Subiri Jumatatu.

Nimefunga bei, dhahabu ikapanda. Naweza kujitoa?

Hapana, au utalipia. Umeshauza. Usipotuma mkuo ndani ya muda uliowekwa, kampuni italazimika kuununua tena sokoni kwa bei ya juu, na masharti mengi yanasema tofauti hiyo ni juu yako. Watu hutaja siku 14 za kubadili nia wanazopewa wateja wa mtandaoni. Haki hiyo ni ya mlaji anayenunua, na hata kwa wanunuzi kanuni za mwaka 2013 zinaondoa bidhaa ambazo bei yake inafuata kupanda na kushuka kwa soko la fedha.

Mimi ni Mwislamu. Kufunga bei leo na kulipwa keshokutwa kuna tatizo?

Swali hili linaulizwa sana, na ni la haki. Wanazuoni wengi wanaiweka pesa ya leo katika hukumu ya dhahabu na fedha, na kwao kubadilishana dhahabu kwa pesa kunataka makabidhiano ya papo kwa papo, mkono kwa mkono. Kiwango cha sharia namba 57 cha AAOIFI (shirika linaloweka viwango vya fedha vya Kiislamu) kinachohusu dhahabu kimejengwa juu ya msingi huo. Kufunga bei kabla mnunuzi hajaushika mkuo na kabla hujalipwa ndipo penye utata.

Njia nyepesi ni kutofunga. Tuma mkuo ukiwa bado mali yako, na uiambie kampuni kwa maandishi kwamba mauzo yatafanyika baada ya kupimwa, kwa bei ya dakika hiyo, na pesa itumwe hapohapo. Nyingi zinakubali, kwani ni utaratibu wao wa kawaida kwa wasiofunga. Masuala ya ndani zaidi mpelekee sheikh wako.

## Nyaraka

Nitaombwa kitambulisho gani?

Pasipoti au leseni ya udereva, na uthibitisho wa anwani wa miezi mitatu ya karibuni kama bili ya umeme, bili ya kodi ya halmashauri au taarifa ya benki. Wanaoishi kwa viza wakumbuke kwamba kadi nyingi za ukaazi za BRP ziliisha muda 31 Desemba 2024. Tumia pasipoti, na ukiombwa hali yako ya ukaazi toa msimbo wa eVisa, viza ya kidijitali.

Jina kwenye kitambulisho, kwenye oda na kwenye akaunti ya benki liwe moja. Hapa ndipo malipo mengi hukwama: oda imefunguliwa kwa jina la mke, mkuo ni wa mume, akaunti ni ya mtoto. Majina yetu matatu nayo huleta usumbufu pale benki ina mawili na pasipoti ina matatu. Andika yote kama yalivyo kwenye pasipoti, kisha ieleze kampuni mapema jina la akaunti linavyosomeka.

Risiti ya kununulia nimeipoteza.

Kampuni nyingi zitanunua bado, ila zitakuuliza ulipataje mkuo. Jibu kwa maandishi na ukweli: uliununua wapi, mwaka gani, au nani alikupa. Taarifa ya benki inayoonyesha malipo ya siku ile inatosha vizuri. Usilichukulie swali hilo kama dharau. Sheria ya Uingereza inaruhusu polisi kushikilia madini ya thamani kuanzia pauni 1,000 wakishuku yametokana na uhalifu, na mnunuzi hataki kukutwa nayo.

Mkuo hauna alama za hallmark (muhuri rasmi wa usafi) kama pete. Ni bandia?

La. Sheria ya alama hizo ya 1973 haihusu mikuo.

## Kufungasha na kutuma

Nitumie huduma gani?

Royal Mail Special Delivery Guaranteed, ile ya kufika kabla ya saa 7 mchana siku inayofuata. Ndiyo huduma ya ndani ya Royal Mail inayolipa fidia kwa vitu vya thamani vinavyopotea. Ukituma dhahabu kwa Tracked au Signed For, kifurushi kitafika mara nyingi tu, lakini siku kisipofika huna madai. Kampuni binafsi za vifurushi nazo mara nyingi huweka madini ya thamani kwenye orodha ya visivyobebwa au visivyofidiwa, hata kama tovuti imekuuzia "bima ya ziada" bila kuuliza ndani kuna nini.

Special Delivery inafidia kiasi gani?

Kiwango cha juu kabisa ni pauni 2,500 kwa kifurushi, na lazima ukilipie kaunta. Kiwango cha kawaida ni kidogo kuliko hapo. Kwa bei za 2025 mkuo mmoja wa wakia 1 ulishapita pauni 2,500. Kwa hiyo anayetuma gramu 100 kwa nauli yake mwenyewe anasafirisha sehemu kubwa ya mali bila kinga yoyote.

Hapo ndipo bima ya mnunuzi inapohitajika. Kampuni kubwa zina bima yao ya usafirishaji inayofunika kifurushi tangu kinapopokelewa kaunta, hadi kiwango fulani. Bima hiyo ina masharti, nayo husomwa vizuri zaidi kabla kuliko baada: lazima utumie lebo yao, uitaarifu kampuni kabla ya kutuma, ukabidhi kaunta na si kwenye sanduku la barua, ufungashe walivyoelekeza, na thamani ya kifurushi kimoja isizidi kikomo. Mali ikizidi kikomo, gawa vifurushi viwili na uvitume siku tofauti. Omba barua pepe inayotaja kiwango cha bima na namba ya oda yako. Maneno ya simu hayatakusaidia.

Nifungasheje?

Dhahabu ni nzito kwa umbo lake. Kilo nzima ina ujazo wa karibu sentimita 52 za ujazo tu, chini ya simu ya mkononi. Ukiitia kwenye bahasha ya kawaida, kona yake itakula karatasi kila mashine ya kuchambua barua itakapoitikisa, na mwisho itatoka. Vifurushi "vilivyofika vitupu" si vyote vimeibiwa. Baadhi vilitoboka.

Acha mkuo ndani ya kadi yake. Weka kadi kwenye kifuko kidogo cha plastiki isikwaruzwe, kisha izungushie plastiki ya vipovu mara tatu au nne na uifunge kwa selotepu. Selotepu isiguse kadi yenyewe, maana gundi ikibaki kwenye kadi imeshaharibu bei (soma swali la kadi iliyofunguliwa). Mikuo miwili au zaidi ifunge mmoja mmoja, kisha iunganishe iwe bonge moja lisilogongana.

Bonge liingie kwenye kasha dogo gumu, na nafasi zote zijazwe karatasi iliyokunjwa. Juu yake weka fomu ya oda yenye jina, namba ya oda na orodha ya mikuo pamoja na namba zake. Funga, kisha litikise karibu na sikio. Ukisikia chochote kinatembea, fungua ujaze tena. Kasha hilo liingie kwenye kasha la pili au mfuko mzito wa plastiki usiofunguka bila kuonekana. Maungio yote yapigwe utepe mpana, kisha saini jina lako kwa kalamu juu ya ungio na uzibe saini kwa utepe wa kung'aa. Anayefungua lazima aikate saini yako.

Nje pasiwe na neno gold, bullion wala thamani. Lebo za kampuni makini huwa na jina lisilosema chochote. Jina la kampuni likiwa lenyewe lina neno gold, uliza anwani ya kutumia kwenye vifurushi. Kasha la viatu lenye picha ya viatu halifai. Kasha la kahawia lisilo na maandishi linafaa.

Piga picha kila hatua: mkuo mbele na nyuma namba ikisomeka, bonge, kasha la ndani, kasha la nje na lebo. Pima kifurushi kilichokamilika kwa gramu uandike.

Nikifika kaunta nifanye nini?

Kabidhi mkononi, karani akipime mbele yako. Omba risiti inayoonyesha uzito, kiwango cha fidia na namba ya ufuatiliaji: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha GB. Hakikisha namba ya kwenye risiti ni ileile ya kwenye lebo kabla hujaondoka. Uzito huo ni ushahidi wako. Kifurushi kikitoka kaunta na gramu 412 na kikafika na gramu 310, kila mtu anajua tatizo lilikuwa njiani.

Karani akiuliza kilichomo, jibu kwa sauti ya chini ukweli, au mwandikie kwenye karatasi. Usidanganye kwamba ni nguo, kwa sababu madai ya fidia yataangalia ulichosema. Wala usisimulie mauzo yako kwenye foleni.

Siku gani nzuri?

Jumatatu hadi Jumatano, asubuhi. Cha Ijumaa kitalala mahali mpaka Jumatatu usipolipia Jumamosi, na kampuni nyingi hazipokei Jumamosi. Epuka wiki mbili za Krismasi.

## Baada ya kufika

Mkuo unapimwaje?

Kwanza kifurushi kilichofungwa kinapimwa uzito na kuangaliwa mihuri, kisha kinafunguliwa, kwenye kampuni nzuri mbele ya kamera. Uliza kama kamera ipo na picha zinahifadhiwa muda gani.

Bandia inayoogopwa ni ya tungsteni iliyopakwa dhahabu. Msongamano wa tungsteni ni 19.25, wa dhahabu 19.3, hivyo mizani na maji havitoshi kuitambua. Sumaku nayo haisaidii. Mashine ya XRF, inayotumia miale ya X, husoma madini ya juu tu, sehemu nyembamba kuliko unywele, ikaishia kusifu rangi ya nje. Ndiyo maana wanunuzi makini huongeza kipimo cha upitishaji umeme, kinachofanya kazi hata mkuo ukiwa ndani ya kadi, na ultrasaundi kwa mikuo minene: sauti hupita kwenye dhahabu kwa takriban mita 3,240 kwa sekunde, na kwenye tungsteni kwa kasi kubwa zaidi ya mita 5,000. Hakuna kipimo kati ya hivi kinachohitaji kukwaruza. Usijaribu tindikali wala tupa nyumbani.

Namba ya kwenye mkuo italinganishwa na ya kwenye kadi. Mikuo mipya ya PAMP ina Veriscan, inayotambua uso wa mkuo wenyewe.

Wamesema uzito umepungua. Nikatae?

Uliza umepungua kiasi gani. Mkuo wa kuchapwa wa gramu 100 usiwe chini ya gramu 100 zilizoandikwa. Upungufu wa nusu gramu ni ishara mbaya na wataupima zaidi. Ule wa kumiminwa ulioshikwashikwa miaka 30 unaweza kukosa sehemu ndogo sana, na utalipwa kwa uzito uliopo. Omba picha ya mkuo juu ya mizani. Hujaridhika, omba urudishiwe. Unayo haki hiyo mpaka pale utakapokubali matokeo, isipokuwa ulishafunga bei kwa masharti mengine.

Pesa inafika lini?

Malipo ya Faster Payments huingia ndani ya dakika au saa chache, siku hiyohiyo ya kukubali. Kampuni inayosema siku saba hadi kumi baada ya kupima inatumia pesa yako kwa biashara yake. Chagua nyingine.

Kifurushi hakionekani.

Ikifika saa 7 mchana ya siku ya ahadi na ufuatiliaji unasema "njiani", piga simu kampuni saa hiyohiyo, kwani bima yao huwa na saa au siku za kutaarifiwa. Kama ulitumia bima ya Royal Mail, utadai mwenyewe kwa risiti ya kaunta na uthibitisho wa thamani, yaani risiti ya kununulia au oda iliyofungwa bei. Post Office, mwenye kaunta, na Royal Mail, mbebaji, ni kampuni mbili tofauti tangu 2012. Karani hawezi kukulipa. Madai yanakwenda Royal Mail.

## Kesi zisizo za kawaida

Nilifungua kadi ili niushike mkuo. Nimeharibu?

Dhahabu ni ileile, bei imepungua kidogo. Tuma kadi pamoja na mkuo hata kama imepasuka, na useme ukweli wakati wa kuomba bei. Usiigandishe kwa gundi: kadi iliyogundishwa inafanana na kazi ya watengeneza bandia, na mkuo utashukiwa. Mkuo wa Valcambi wa vipande 50 vya gramu moja uliokatwa baadhi ya vipande hulipwa kama vipande vidogo.

Nina "biskuti" za tola kutoka Dubai au Muscat. Zinanunuliwa?

Zinanunuliwa. Familia nyingi za mwambao na Oman zinazo. Tola moja ni gramu 11.66, na mkuo wa tola 10 ni gramu 116.64, yaani wakia 3.75. Nyingi za zamani zilimiminwa bila namba wala kadi, hivyo tarajia vipimo virefu zaidi na asilimia iliyo chini kidogo. Unapoomba bei taja gramu, kwa maana karani wa huku anaweza asijue tola, na tuma picha ya chapa pande zote mbili kwanza.

Chapa yangu haipo tena, au ni ya Urusi.

Johnson Matthey na Credit Suisse hununuliwa bila shida. Kwa Urusi, LBMA ilisimamisha viwanda vyake 7 Machi 2022, na Uingereza ikazuia kuingiza dhahabu yake inayotoka Urusi tangu 21 Julai mwaka huo. Mkuo wa kabla ya hapo unauzika ukiwa na karatasi za tarehe; usipokuwa nazo, wengine watakataa. Piga simu kabla ya kufungasha.

Mikuo ni ya marehemu baba.

Msimamizi wa mirathi ndiye anayeuza, akiwa na hati ya mahakama pale inapohitajika, na pesa huingia akaunti ya mirathi. Ugawaji wa Kiislamu hufuata baada ya hapo, kwa mujibu wa wosia. Andika bei ya dhahabu ya siku aliyofariki, kwa sababu faida kwa ajili ya kodi huhesabiwa kuanzia thamani ya siku hiyo, si bei aliyonunulia yeye mwaka 1995.

Nitatozwa kodi?

Mikuo inaingia kwenye kodi ya faida ya mtaji, tofauti na sarafu za sovereign na Britannia ambazo hazitozwi. Msamaha wa mwaka ni pauni 3,000 za faida tangu Aprili 2024. Juu ya hapo ni asilimia 18 au 24 kulingana na kipato chako, kwa mauzo tangu 30 Oktoba 2024. Faida ni bei ya kuuza ukitoa ya kununua, wala si pesa yote uliyopokea. Mwaka wa kodi unakata 5 Aprili, hivyo mwenye mikuo kadhaa anaweza kuuza sehemu Machi na sehemu baada ya hapo, akatumia misamaha miwili.

Ndugu yangu yuko Geita, au Nairobi, au Bukavu. Anitumie mkuo kwa posta niuze huku?

Asitume. Mkataba wa posta wa dunia unakataza dhahabu kwenye vifurushi visivyo na bima, nchi nyingi zinakataza hata vyenye bima, na DHL Express haibebi mikuo. Kutoa dhahabu nje kunataka kibali cha nchi husika. Kwa Tanzania njia halali ni masoko ya madini, yaliyoanza Geita Machi 2019, ambako mrabaha hukatwa na karatasi hutolewa. Dhahabu iliyofika Uingereza bila hati ya kutoka ilikotoka haitapata mnunuzi makini, hata iwe safi namna gani, na ya Kongo huchunguzwa zaidi ya zote.

Kampuni imenipigia ikisema anwani ya kutuma imebadilika.

Usitume. Kata simu, tafuta namba ya kampuni mwenyewe kutoka tovuti yake, piga, taja namba ya oda. Kabla ya oda yoyote angalia kwenye Companies House (daftari la serikali la kampuni) imesajiliwa lini na anwani ipi. Tovuti nzuri yenye kampuni ya miezi mitatu ni tahadhari. Kumbuka mauzo ya mikuo hayasimamiwi na FCA (mamlaka ya huduma za fedha), na mfuko wa fidia wa FSCS haugusi kampuni ya dhahabu ikifilisika na mkuo wako uko kabatini kwao. Kwa mzigo mkubwa, tuma mkuo mmoja kwanza, lipwa, kisha tuma mingine.